Neema Forodhani: Wajibu wa Mkristo katika Mji wa Tunduma

Tunduma ni mji uliozaliwa na mpaka, na ni mpaka huo huo unaoulisha hata leo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kupita Morogoro, Iringa na Mbeya na kukata uwanda wa Mbozi, hufika hapa ikakutana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, nayo hupita hapa. Na malori yaliyosheheni shaba ya Zambia na ya Kongo kwenda bandarini, pamoja na yale yanayopeleka mafuta, mbolea na bidhaa za madukani kwenda bara, hupanga foleni ambayo siku nyingine huanza kabla nyumba za mji hazijaonekana. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walikifungua kituo cha forodha cha pamoja, kwa azma ya kuikagua mizigo mahali pamoja badala ya pawili. Walakini tabia ya mji ni ile ile, kwa kuwa Tunduma huishi kwa kile kinachopita mkononi: ushuru, nauli, ujira wa kupakua, faida ya kubadili kwacha kuwa shilingi na shilingi kuwa kwacha, sahani ya mama lishe, kitanda cha nyumba ya wageni.

Na Jumapili mji huo huo huenda kanisani. Makarani wa forodha, mawakala wa kupitisha mizigo, wabadili fedha, wachuuzi, makuli, madereva na matingo wao waliokwamishwa na karatasi moja isiyotimia, wote hukutwa katika mabenchi ya Wamoravian, ya Wakatoliki, ya Walutheri na ya Wapentekoste, nao Waadventista huwa wamekwisha tangulia siku ya Jumamosi. Jambo linalohubiriwa huko, chini ya tofauti zote za ibada na mavazi, ni moja: ya kuwa Mungu alimpenda mwanadamu kabla mwanadamu hajawa na lolote la kumpa, na ya kuwa wokovu ni atia yake, haununuliwi kwa ada wala haukatiwi stakabadhi. Hilo ni kweli, na dini isiyokuwa na hilo haistahili kuitwa kwa jina la Kristo. Lakini nathubutu kusema ya kuwa katika mji wa biashara ukweli huu una hatari yake ya pekee, kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu, akisikia kwamba kitu fulani ni bure, hukichukua upesi akaenda zake. Na hivyo neema huingia maishani mwa watu wengi kama bidhaa iliyopitishwa njia ya panya, isiyofunguliwa na mtu, isiyokaguliwa na dhamiri, wala isiyobadilisha chochote katika hesabu za siku ya Jumatatu.

Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani aliandika juu ya hatari hii mwaka 1937, akaipambanua neema iliyofanywa rahisi na neema yenye thamani, na hiyo ya pili ikamgharimu uhai wake aliponyongwa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945. Yafaa wasomaji wa mkoa wetu wa Songwe wajue ya kuwa mtu huyu, ingawa alikuwa Mlutheri, alikuwa na ada ya kusoma kila siku kijitabu cha maneno ya Maandiko ambacho Wamoravian wa Herrnhut wamekitoa mfululizo tangu mwaka 1731. Yaani aliilisha roho yake, gerezani na nje ya gereza, kwa chakula kilichotoka katika jiko lile lile lililotuma watu kuja kuhubiri Rungwe, Mbozi na Isoko.

Kwa mji wa forodha, hata hivyo, hakuna mwalimu wa neema anayefaa kuliko Zakayo, ambaye habari yake Luka ameiweka katika sura ya 19. Watoto wa shule ya Jumapili humjua kwa ufupi wa kimo chake na kwa mti wa mkuyu alioupanda, na watu wazima wengi wameishia hapo hapo walipoachwa na utoto wao. Lakini Yeriko ulikuwa mji wa njia, karibu na vivuko vya Yordani, penye tende na zeri, misafara ikipanda kwenda Yerusalemu na ikishuka kutoka huko, na Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru wa mahali hapo. Utaratibu wa siku zile ulimwachia mtoza ushuru mwanya mpana: alikuwa na kiasi alichotakiwa kukipeleka kwa wakubwa, na kile kilichozidi katika alichokitoza kilibaki mfukoni mwake, hata ikawa kila punda aliyepita na shehena alikuwa ama riziki yake ya halali ama dhuluma yake, na baina ya hayo mawili hapakuwa na shahidi ila Mungu na yeye mwenyewe.

Sasa mtu na autazame mpangilio wa mambo. Yesu alimwita kwa jina, akajialika nyumbani mwake, kabla Zakayo hajatubu, kabla hajarudisha hata senti moja, na umati ulipoona hayo ukanung'unika, maana umati siku zote hupendelea kwamba mtu asafishwe kwanza ndipo atembelewe. Neema ilitangulia, wala hapana namna ya kuisoma habari hii kinyume. Lakini Zakayo, alipokwisha kupokea, hakuketi akiimba. Alisimama akataja nusu ya mali yake kuwa ya maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ukubwa wa kauli hiyo hauonekani mpaka ipimwe kwa torati aliyokulia, kwani sheria ya Musa, kwa mtu aliyekiri mwenyewe kwamba amedhulumu, iliamuru arudishe kiasi kilekile na kuongeza sehemu moja ya tano tu. Malipo ya mara nne yaliwekewa mwizi wa kondoo ambaye amekwisha kumchinja au kumwuza mnyama. Zakayo, ambaye hakushtakiwa mahakamani wala kukamatwa na askari, alijihukumu kwa kifungu cha mwizi. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo, na hilo ndilo ninalolishikilia: moyo uliokwisha kusamehewa ulikuwa mkali juu ya nafsi yake kuliko sheria yenyewe, kwa sababu haukuwa tena na hofu ya kuhesabu.

Hatusomi popote kwamba Zakayo aliiacha kazi ya forodha. Na kabla yake, watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waitupe kazi wakakimbilie jangwani. Aliwaambia wasitoze kuzidi kilichoamriwa. Jawabu hilo ni dogo hata huonekana kavu, lakini mtu aliyekaa nyuma ya dirisha la ofisi, akamwona mbele yake mwanamke wa Nakonde mwenye mafurushi mawili ya vitenge na mtoto mgongoni, asiyejua kiwango cha ushuru, asiyejua kusoma fomu, na aliye tayari kutoa chochote atakachoambiwa ili awahi gari, huyo hujua ya kuwa utakatifu wote wa siku yake umo katika jawabu lile. Anayetamka kiasi halisi, akaandika stakabadhi, akampa mwanamke yule chenji yake, amefanya ibada.

Watu wa mkoa huu wana sababu ya kuyaelewa mambo haya kuliko wengine, na sababu hiyo imo katika historia yao wenyewe, ambayo vijana wa Vwawa na Tunduma hawafundishwi ipasavyo. Mkoa wa Songwe ni mchanga, umemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini nchi ni ya kale. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa mapito ya misafara ya pembe na ya watumwa, tena uwanja wa mashambulio ya Wabemba kutoka magharibi na ya Wasangu wa chifu Merere kutoka mashariki, na Wanyiha na Wanyamwanga waliishi katikati wakijenga maboma na kulima kwa wasiwasi. Wako waliosimulia maisha yao ya wakati huo kwa wamisionari wa Kimoravian, miongoni mwao bibi aliyeitwa Narwimba na mwanamume aliyeitwa Msatulwa Mwachitete, na mwanahistoria Marcia Wright akaviweka visa vya namna hiyo pamoja katika kitabu chake cha mwaka 1993. Anayesoma habari za Narwimba huona mwanamke mtu mzima akihama kutoka kwa mlinzi mmoja hadi mwingine, na watoto na wajukuu wakimfuata, akitafuta mahali ambapo hawatachukuliwa. Kwa maana katika zama hizo binadamu alikuwa sarafu. Deni, shtaka la uchawi, kosa la jamaa, kifo kilichohitaji fidia, vyote viliweza kumalizwa kwa kumtoa mtu, na aliyetolewa aghalabu alikuwa msichana ambaye hakukopa kitu wala hakumkosea yeyote.

Ilikuwa kwa masikio ya watu hao kwamba habari ya neema ilifika. Wamoravian, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walifika Rungwe mwaka 1891, na karne ilipokuwa ikigeuka walikwisha kuwa na kituo Mbozi, ambako Traugott Bachmann alikaa miaka mingi, akajifunza Kinyiha na kulitafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Nimejiuliza mara nyingi ni nini walichosikia wale wazee wa kwanza walipoambiwa kwamba kuna mmoja aliyejitoa mwenyewe kulipa deni la wengine, na hakumtoa mtumwa, wala mpwa, wala binti wa nduguye. Sisi tunaokwenda benki kukopa na kuweka hati ya kiwanja rehani, huyasikia maneno hayo kama methali ya zamani. Wao waliwajua kwa majina watoto waliotolewa. Walijua bei ya deni katika mwili wa mtu, na kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa kwamba aliyelipiwa deni la namna ile hawezi kurudi nyumbani akamshika jirani yake koo kwa deni dogo. Yesu alisimulia mfano wa mtumwa aliyefutiwa talanta elfu kumi, mali isiyoweza kulipwa na mtu katika maisha kumi, naye akatoka akamfunga mwenziwe kwa dinari mia. Katika Unyiha ya wakati ule mfano huo ulikuwa habari ya kijiji cha jirani.

Kisha ikaja Vita Kuu. Mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, makanisa yakabaki mikononi mwa wenyeji waliojua kusoma na waliojua kuomba, na mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck likapita ng'ambo tu ya mpaka wa sasa, kwenye boma la Fife na misheni ya Mwenzo, likichukua lilichokikuta. Wenyeji walioubeba mzigo huo hawakuwa na mishahara ya kutajika, na majina ya wengi wao hayakuandikwa mahali. Waliendelea.

Hapo Mwenzo, upande wa Nakonde, lilitokea jambo ambalo Wanyamwanga wa pande zote mbili za mpaka wangelijivunia zaidi kama wangelijua. Walimu na makarani waliosomeshwa na misheni ya Waskoti ya Livingstonia, na Donald Siwale akiwa mbele yao, waliunda mwaka 1923 chama cha ustawi cha Mwenzo, kinachohesabiwa miongoni mwa vyama vya kwanza kabisa vya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Miongoni mwa wenzi wa Siwale katika fikra hizo alikuwamo Mchungaji David Kaunda, aliyekuwa mwalimu na mhubiri huko Lubwa, ambaye mwanawe, Kenneth, alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia. Watu hawa waliikutanisha sala yao na mzigo wa kodi uliowaelemea wanakijiji, wakauzungumzia kwa adabu na kwa hoja mbele ya serikali isiyozoea kuambiwa. Hawakuona kwamba wametoka katika dini kwenda katika siasa. Waliona kwamba mtu aliyepewa elimu bila ya kustahili ana dhima kwa yule ambaye hakupewa.

Tukirudi upande wetu, mahali ambapo dhima hiyo inavunjwa kila msimu mbele ya macho yetu ni gunia. Songwe hulima mahindi mengi na kahawa ya Mbozi ina sifa, na baada ya mavuno wanunuzi huingia vijijini, kutoka Mlowo hadi Igamba na kuteremka bonde la Momba, wakiwa na fedha taslimu mkononi wakati mkulima ana ada ya shule ya kulipa na mgonjwa ndani. Hapo ndipo gunia hushonewa kilemba, likajazwa likapita kilo 100 ambazo ndizo mpaka wa sheria, likaitwa lumbesa na kulipwa kwa bei ya gunia moja; na hapo ndipo kahawa hununuliwa ikiwa bado mtini, kwa bei ambayo mwenye shamba huikubali kwa sababu ya njaa tu. Wakala wa Vipimo hupita na kukamata, na wapongezwe, lakini nani asiyejua ya kuwa wengi kati ya wanunuzi hao, na madalali wao, na wenye malori, hutoa shukrani zao siku ya sikukuu ya mavuno, na kinachoimbiwa wakati wa kutoa ni kilemba cha gunia la mtu mwingine? Torati imekataza vipimo viwili ndani ya mfuko mmoja, na kitabu cha Mithali kimeiita mizani ya hila kuwa chukizo kwa Bwana. Mchungaji anayelijua hilo na akapokea sadaka bila ya kuuliza, akihofu kumpoteza mtoaji mkubwa, amekula naye. Natamani kuona usharika mmoja tu wa mkoa huu ukiweka mizani iliyopigwa mhuri uani mwa kanisa wakati wa mavuno, ili mkulima yeyote, awe Mkristo au Mwislamu au asiye na dini, apime gunia lake kabla ya kulipeleka sokoni.

Nimemtaja Mwislamu kwa kusudi. Mwezi Aprili 2013 ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kumchinja mnyama wa kuuzwa buchani, uliokuwa umekwisha kumwaga damu kule Geita mapema mwaka huo, uliingia Tunduma, na mji ukatikisika, watu waliouziana chumvi na sukari miaka yote wakatazamana kama wageni. Waliodai kutetea imani ya Kristo siku zile walikuwa wameisahau barua ya Paulo kwa Wakorintho, mji mwingine wa biashara na wa bandari, ambamo mtume alizungumzia nyama ya sokoni kwa kirefu, akasema kwa maana hii: ya kwamba Mkristo ana uhuru, na ya kwamba uhuru huo hauna haki ya kumjeruhi mwenzake kwa sababu ya chakula. Mtu aliyepokea neema hana cha kujikweza nacho mbele ya jirani. Hakuipata kwa akili yake, wala kwa kabila lake, wala kwa kisu chake.

Kuna pia wale wanaolala barabarani. Dereva aliye mbali na kwao, mwenye posho kidogo na siku nyingi za kungoja, na msichana aliyefika Tunduma kutafuta kazi ya mgahawa akaishia kuuza kilicho chake cha mwisho: hao wawili wanajulikana na kila mtu, na maradhi yaliyosafiri kwa barabara hii tangu miaka ya 1980 yameacha yatima katika kila kata. Makanisa yamewahubiria sana juu ya dhambi. Chumba safi cha kulala kwa bei ya haki, mwanamke mtu mzima wa kumpokea msichana yule siku ya kwanza anaposhuka katika basi, ushauri wa bure juu ya karatasi za forodha kwa dereva asiyejua Kiingereza, ni mambo yanayowezekana kwa usharika wenye watu wa ujuzi huo huo mabenchini, nao hawaombwi kutoa ujuzi, huombwa fedha tu.

Limebaki suala la Zakayo ambalo mji huu hauwezi kulikwepa, nalo ni la kurudisha. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba, na moja ya alama zake zilizowashangaza hata wasioamini ni watu waliobisha hodi kwa mabwana zao wa zamani, kwa majirani na kwa ofisi za serikali wakiwa wamebeba vitu walivyoiba: jembe, blanketi, fedha. Wazee wa uamsho ule walisisitiza ya kuwa aliyetembea nuruni hawezi kuendelea kulala katika blanketi la wizi. Leo tunasikia shuhuda nyingi za mafanikio na chache za kurudisha.

Najua ugumu. Karani aliyezidisha ushuru kwa miaka mingi hawezi kuwapata wote. Dereva mmoja yuko Lubumbashi, mchuuzi mwingine alihama, mkulima aliyepunjwa gunia amekwisha kuzikwa. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, iliuona ugumu huo huo: aliyedhulumu alikiri, akarudisha na sehemu ya tano juu yake, na kama aliyedhulumiwa hakuwa na jamaa wa kupokea, malipo yalikuwa ya Bwana, yakapewa kuhani. Kwa siku zetu naona zahanati ya kijiji na madawati ya shule vinafaa kusimama mahali pa jamaa asiyepatikana. Lakini yule anayejulikana jina na nyumba, kuli aliyekatwa ujira, mama lishe aliyedaiwa mara mbili, aendewe kwanza, kabla ya kufika kanisani, na fedha iwe mkononi wakati wa kuomba radhi. Na ile inayopelekwa zahanati isitangazwe na mhasibu wa usharika wala isipigiwe vigelegele pamoja na michango ya wafadhili. Mzee wa kanisa aiandike katika daftari kwa siri, katika ukurasa wa madeni yaliyolipwa, na mlipaji atie sahihi.